Walikubaliana Kwanza, Wakaandika Baadaye

Kila mjadala wa Katiba Mpya unapofufuka nchini mwetu, swali linalotangulia ni lilelile: tuanzie na rasimu ipi? Wapo wanaoitaka Rasimu ya Warioba, wapo wanaoitetea Katiba Inayopendekezwa, na wapo wanaosema zote mbili ziwekwe kabatini tuanze upya. Kwa maoni yangu swali hilo linaulizwa mapema mno. Kabla ya rasimu ipo kazi nyingine, ngumu kuliko kuandika, ambayo sisi hatukuifanya katika Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014. Namibia waliifanya siku ya kwanza ya Bunge lao la Katiba, tarehe 21 Novemba 1989, na siku 80 baadaye wakawa na katiba.

Siichagui Namibia kwa kubahatisha. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, mwalimu mstaafu wa Historia na Uraia. Wenyeji wa Dodoma wa rika langu wanakumbuka kwamba baada ya Waingereza kuuacha mradi wao wa karanga, sehemu ya eneo lile ilikuja kupewa wapigania uhuru. Kuanzia mwaka 1964 walikaa pale vijana wa SWAPO ya Namibia, wa ANC ya Afrika Kusini na wa FRELIMO, na wengine wakafuata. Mama yangu aliwauzia mayai na maziwa. Sisi watoto tuliwajua kwa majina ya kupanga tu, maana majina yao halisi waliyaficha ili ndugu zao waliobaki nyuma wasije wakadhurika. Baadhi yao walipata wake kwetu, na watoto wao leo ni watu wazima wenye wajukuu.

Katika kambi ile ndimo walimotoka wapiganaji wa kwanza wa SWAPO waliorudi kwao kwa siri, hadi Omugulugwombashe kaskazini mwa Namibia, ambako mapigano ya kwanza ya vita vyao vya ukombozi yalizuka tarehe 26 Agosti 1966. Mkutano wa mashauriano ulioupanga upya muundo wa SWAPO ulifanyika Tanga, mwishoni mwa 1969 na siku za mwanzo za 1970. Dar es Salaam palikuwa makao yao makuu kwa miaka. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya katiba ya Namibia nazungumza juu ya watu ambao nchi hii iliwalisha na kuwaficha, na naona tuna haki ya kuuliza walichokifanya na uhuru wao, kama ambavyo wao wangekuwa na haki ya kutuuliza sisi.

Wakati wanaingia katika kazi ya katiba, nchi yao ilikuwa bado inanuka baruti. Azimio namba 435 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililoweka njia ya uhuru kupitia uchaguzi, lilipitishwa mwaka 1978, kisha likakaa miaka kumi bila kutekelezwa. Mkataba wa Desemba 1988 kati ya Angola, Cuba na Afrika Kusini ndio uliolifungulia mlango. Utekelezaji ulipangwa kuanza tarehe 1 Aprili 1989, na siku hiyohiyo wapiganaji wa SWAPO na majeshi ya Afrika Kusini wakapambana kaskazini, wakafa watu kwa mamia. Mwezi Septemba Anton Lubowski, wakili Mzungu aliyekuwa amejiunga na SWAPO hadharani, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Windhoek. Huku nako, katikati ya mwaka, walirudi Wanamibia waliokuwa wamefungwa na SWAPO yenyewe kwenye mahandaki ya Lubango, Angola, wakituhumiwa kuwa majasusi, wakaeleza mateso waliyoyapata. Kila upande ulikuwa na maiti zake na hasira zake.

Uchaguzi ulifanyika kuanzia tarehe 7 hadi 11 Novemba, chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Martti Ahtisaari wa Finland. Watu zaidi ya laki saba walijiandikisha, na takriban asilimia 97 yao wakajitokeza kupiga kura. SWAPO ilipata viti 41 kati ya 72. Muungano wa DTA, uliokuwa umeshiriki katika serikali za ndani chini ya Afrika Kusini, ulipata 21. UDF wakapata vinne, ACN ya Wazungu wahafidhina ikapata vitatu, na vyama vingine vitatu vikaambulia kiti kimoja kimoja.

Naomba msomaji azitazame namba hizo kwa makini, kwa sababu ndani yake mna somo. Katiba ilihitaji theluthi mbili, yaani kura 48. SWAPO ilipungukiwa saba. UDF wanne na vile vyama vitatu vya mtu mmoja mmoja wanafanya saba kamili. Kihesabu ilikuwa inawezekana kabisa kuwavuta hao saba kwa vyeo na ahadi, kupata 48, na kuandika katiba huku DTA na Wazungu wa ACN wakitazama kutoka pembeni. Chama kilichokuwa kimepigana miaka 23, chenye asilimia 57 ya kura za wananchi, kingeweza kujiambia kwamba kina haki hiyo. Nilipokuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa kidato cha sita hesabu hii, walio wengi walisema wao wangewavuta hao saba. Ndivyo tulivyozoea kuiona siasa.

SWAPO haikufanya hivyo. Bunge la Katiba lilipoketi kwa mara ya kwanza katika jengo la Tintenpalast mjini Windhoek, Hage Geingob akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Kisha Theo-Ben Gurirab, kwa niaba ya SWAPO, akasimama na kupendekeza kwamba Misingi ya Katiba ya mwaka 1982 iwe ndiyo mfumo wa kazi yao yote. Pendekezo likapita bila kupingwa.

Uzito wa kitendo hicho hauonekani mpaka ujue ile misingi ilikuwa nini. Iliandaliwa na nchi tano za Magharibi, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa, Kanada na Ujerumani Magharibi, ili kuzihakikishia pande zote kwamba mshindi wa uchaguzi hatageuka bwana mpya. Ni kurasa chache tu. Inasema Namibia itakuwa taifa moja lenye mamlaka kamili na la kidemokrasia. Kwamba katiba itakuwa sheria kuu. Kwamba patakuwa na uchaguzi wa mara kwa mara kwa kura ya siri, mahakama huru, na orodha ya haki za binadamu ambazo mtu aliyedhulumiwa anaweza kuzidai mahakamani. Kwamba hapatakuwa na sheria ya kumfanya mtu mhalifu kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. SWAPO ilikuwa na sababu nyingi za kuichukia karatasi hiyo. Ilitoka kwa mataifa makubwa ambayo kwa miaka mingi yalisuasua mbele ya Afrika Kusini. Ilikuwa ngao ya wapinzani wake. Kwa kuinyanyua yenyewe na kuiweka mezani, iliwaondolea wapinzani hofu yao kubwa kabla hata hawajaitamka. Mtu aliyekuja Windhoek siku ile akiwa amejiandaa kupigania uhai wa chama chake au wa kabila lake alikuta uhai huo umekwisha kulindwa. Kilichobaki kilikuwa mambo ya kujadiliana.

Na walijadiliana. Iliundwa kamati ya wajumbe 21, hata vyama vidogo vikiwa na watu wao ndani. Vyama vilileta mapendekezo yao, na rasimu ya SWAPO ikakubaliwa na wote kuwa karatasi ya kufanyia kazi. Wapinzani waliikubali kwa urahisi kwa kuwa walikwisha kujua mipaka yake. Uandishi wenyewe walikabidhiwa wanasheria watatu, Arthur Chaskalson, Gerhard Erasmus na Marinus Wiechers, wote raia wa Afrika Kusini. Chaskalson alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia, na baadaye akawa rais wa kwanza wa Mahakama ya Katiba ya nchi yake. Lakini bado ni jambo la kustaajabisha kwamba watu waliotoka vitani na Afrika Kusini miezi michache tu nyuma waliwaamini wanasheria wa huko kwa ajili ya maneno ya katiba yao. Waliwaamini kwa sababu mambo ya kuandika yalikwisha kuamuliwa na wao wenyewe.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya urais. SWAPO ilitaka rais mtendaji, mwenye nguvu. DTA na wenzao walihofia nguvu hiyo, na kila mtu ndani ya ukumbi alijua jina la huyo rais wa kwanza. Angekuwa Sam Nujoma, kiongozi wa SWAPO tangu 1960. Hapa ndipo ninapowavulia kofia waandishi wale. Ni rahisi kumwekea mipaka rais usiyemjua. Kumwekea mipaka kiongozi unayempenda, aliyekutoa utumwani, aliyeketi pamoja nawe ukumbini, kunahitaji moyo. Wakakubaliana kwamba rais awe mtendaji, achaguliwe moja kwa moja na wananchi, lakini asipite vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Bunge lichaguliwe kwa uwiano wa kura ili vyama vidogo visimezwe, na liwepo baraza la pili litokanalo na mikoa. Kila upande uliondoka na kitu na ukaacha kitu.

Sisi tulipokuwa taifa changa hatukufanya hivyo. Bunge letu lilijigeuza kuwa Bunge la Katiba mwaka 1962 na kuunda Jamhuri yenye rais mwenye madaraka makubwa mno, likimtazama Mwalimu Nyerere na kumwamini. Mwalimu mwenyewe aliwahi kukiri hadharani kwamba katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Katiba tuliyo nayo leo, ya mwaka 1977, ilizaliwa na tume ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo, tume ileile iliyoshughulikia kuziunganisha TANU na ASP, na haki za binadamu zilingojea hadi mabadiliko ya mwaka 1984 ndipo zikaingizwa. Silaumu kizazi kile. Nasema tu kwamba walimwandikia mtu, na mtu yule akaondoka, yakabaki madaraka.

Nirudi Windhoek, kwenye sura ya tatu ya katiba yao, ile ya haki. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuifundisha kuliko zote. Ibara ya 6 inafuta adhabu ya kifo moja kwa moja, bila masharti. Ibara ya 11 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48, au muda mfupi iwezekanavyo baada ya hapo. Kisha inakuja Ibara ya 131, inayosema hakuna mabadiliko ya katiba yanayoruhusiwa kuzipunguza au kuzifuta haki za sura hiyo. Hata theluthi mbili haitoshi. Hata Bunge zima likikubaliana, haitoshi.

Sura hiyo haikunakiliwa tu kutoka vitabu vya wageni. Ndani ya ukumbi ule alikuwemo Andimba Toivo ya Toivo, aliyepelekwa Pretoria kushtakiwa kwa Sheria ya Ugaidi, akahukumiwa miaka 20 mwaka 1968, na kukaa kisiwani Robben hadi mwaka 1984. Sheria ile ilitungwa mwaka 1967 na kupewa nguvu ya kurudi nyuma, ili iwanase yeye na wenzake kwa mambo waliyoyatenda kabla haijakuwepo. Upande wa pili walikuwemo watu waliokuwa wamepaza sauti kuhusu wafungwa wa Lubango. Kila upande ulikuwa umeonja mtu kukamatwa usiku na kufichwa, au ulikuwa umetenda hivyo, au yote mawili. Kwa hiyo waliposema saa 48 walijua wanachokisema.

Niongeze jambo moja dogo ambalo hunifurahisha. Ibara ya kwanza inataja mipaka ya nchi na kuhesabu ndani yake bandari ya Walvis Bay, ingawa siku katiba inapitishwa bandari hiyo ilikuwa bado mikononi mwa Afrika Kusini. Waliiandika wakiwa hawana. Waliipata Machi 1994.

Tarehe 9 Februari 1990 Bunge la Katiba likaipitisha katiba kwa maafikiano. Wiki moja baadaye wajumbe walewale wakamchagua Nujoma kuwa rais, na usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi akaapishwa na Javier Pérez de Cuéllar, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, huku F.W. de Klerk akishuhudia bendera ya nchi yake ikiteremshwa.

Sitaki mtu adhani nawauzia Namibia kama nchi isiyo na doa. Katiba yao ina makosa ya kuzaliwa, na makosa hayo nayo yana jambo la kutufundisha.

La kwanza ni kwamba wananchi hawakuulizwa. Kamati ilifanya kazi ndani, milango imefungwa, na rasimu ilipotoka hadharani mwishoni mwa Januari zilibaki wiki mbili tu. Hapakuwa na kura ya maoni. Bunge la Katiba likajigeuza kuwa Bunge la kwanza la nchi kwa mujibu wa ibara ya katiba liliyoiandika lenyewe. Wenyewe walijitetea kwamba walikuwa wamechaguliwa majuma machache nyuma kwa kazi hiyohiyo, tena na karibu kila mpigakura. Ni hoja yenye nguvu, lakini matokeo yake yalionekana mwaka 1998, pale Bunge lilipoongeza kifungu cha kumruhusu rais wa kwanza, yeye peke yake, kugombea kipindi cha tatu. Ukomo uliowekwa kwa ujasiri mwaka 1990 ukatobolewa miaka minane tu baadaye, wala hakuna raia aliyepigiwa hodi kuulizwa. Kwa wakati huo SWAPO ilikuwa na theluthi mbili. Kitu kilichotolewa na wabunge kikachukuliwa na wabunge.

La pili linaniuma zaidi, nami nalisema nikiwafikiria vijana wale wa Kongwa. Walipigania ardhi. Ardhi bora ya kilimo cha biashara na ufugaji, katikati na kusini mwa Namibia, ilichukuliwa na Wajerumani kwa damu ya Waherero na Wanama kati ya 1904 na 1908, kisha ikagawiwa kwa walowezi, na chini ya Afrika Kusini wakaongezwa walowezi wengine. Misingi ya 1982 ililinda mali binafsi. Ibara ya 16 ikafuata nyayo hizo: serikali inaweza kuchukua mali kwa manufaa ya umma, kwa kulipa fidia ya haki. Yaani aliyepokonywa anatakiwa kulipa ili arudishiwe. Namibia imeitisha mkutano wa taifa juu ya ardhi mwaka 1991, na mwingine mwaka 2018, na suala bado liko mezani. Hii ndiyo gharama ya kukubaliana mapema: kuna watu ambao makubaliano yale yaliwaacha nje, na hawakuwepo kamatini kulalamika.

Lakini pamoja na hayo, tazameni jinsi jengo lilivyosimama. Nujoma aliondoka mwaka 2005 baada ya kipindi chake cha tatu. Hifikepunye Pohamba alikaa vipindi viwili akaenda nyumbani. Rais Geingob, yule mwenyekiti wa Bunge la Katiba, alifariki akiwa madarakani tarehe 4 Februari 2024, na siku hiyohiyo makamu wake Nangolo Mbumba akaapishwa, akatangaza kwamba hatagombea, na hakugombea. Uchaguzi wa Novemba mwaka huo ulikuwa na kasoro, upigaji kura ukaongezewa siku, wapinzani wakaenda mahakamani wakashindwa. Netumbo Nandi-Ndaitwah akaapishwa Machi 2025, mwanamke wa kwanza kuiongoza nchi hiyo. Hakuna aliyeuliza kama jeshi lingekubali. Katika bara hili hilo si jambo la kupita juujuu.

Sasa nije kwetu. Mwaka 2014 nilikuwa Dodoma na nililifuatilia Bunge Maalum la Katiba kila lilipotangazwa, redioni na kwenye runinga. Sisi tulifanya vizuri pale Namibia walipofanya vibaya. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima, mijini na vijijini, ikasikiliza watu, ikaunda mabaraza ya katiba ya wilaya, na rasimu ya pili iliyotolewa Desemba 2013 ilibeba mambo ambayo nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu yakisemwa na wakulima wa Kongwa: mawaziri wasiwe wabunge, wananchi waweze kumwondoa mbunge asiyefanya kazi, ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu. Nilijivunia nchi yangu.

Kisha rasimu hiyo nzuri ikapelekwa mbele ya watu zaidi ya 600 ambao hawakuwa wamekubaliana jambo lolote. Bunge lilifunguliwa tarehe 18 Februari, na majuma ya mwanzo yakaishia kwenye kanuni: kura iwe ya wazi au ya siri? Wengine wakadai posho ya Sh300,000 kwa siku haitoshi. Jaji Warioba aliwasilisha rasimu yenye muundo wa Muungano wa serikali tatu tarehe 18 Machi; siku tatu baadaye Rais Kikwete alihutubia ukumbi uleule na kueleza mashaka yake juu ya serikali tatu. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje na hawakurudi. Waliobaki wakaendelea, wakayaondoa mapendekezo mengi ya Tume, na tarehe 2 Oktoba wakatangaza kwamba theluthi mbili imepatikana, kutoka Bara na kutoka Zanzibar. Katiba Inayopendekezwa ikakabidhiwa kwa marais wawili uwanjani Dodoma tarehe 8 Oktoba. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na haijapigwa hadi leo.

Najua atatokea mwanasheria aseme kwamba sisi pia tulikuwa na misingi, kwa kuwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilitaja mambo ya kuhifadhiwa: kuwepo kwa Muungano, kuwepo kwa Serikali, Bunge na Mahakama, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, umoja, haki za binadamu na mengineyo. Ni kweli yaliandikwa. Lakini yaliandikwa ndani ya muswada wa serikali, na yalikuwa mambo ambayo karibu hakuna aliyeyapinga. Yale yaliyotugawa, yaani muundo wa Muungano, madaraka ya rais, na nani ateue tume ya uchaguzi, yaliachwa yaje kuamuliwa kwa wingi wa vichwa ndani ya ukumbi. Pale penye ubishi hatukuweka makubaliano. Tulipoweka makubaliano hapakuwa na ubishi. Na waliokuwa wengi walijua tangu siku ya kwanza kwamba wao ni wengi.

Majirani zetu Kenya walionja hayo. Wananchi wao waliikataa rasimu mwaka 2005, nchi ikaungua baada ya uchaguzi wa 2007, na katiba waliyoipigia kura ya ndiyo tarehe 4 Agosti 2010 ilipatikana baada ya kukaa kwanza na kuyachambua yale yaliyowafarakanisha. Hakuna sababu ya Tanzania kungojea moshi ndipo ikae mezani.

Ombi langu kwa viongozi wa vyama vyote, wa Bara na wa Zanzibar, ni hili. Acheni kwanza kubishana juu ya rasimu. Kaeni, pamoja na viongozi wa dini, vyama vya wafanyakazi, wakulima, wafugaji na wanawake, muandike kurasa chache tu zenye majibu ya yale matatu yaliyotushinda: Muungano uwe wa serikali ngapi, rais awe na madaraka gani na nani amzuie, na uchaguzi usimamiwe na chombo kinachowajibika kwa nani. Chama tawala, kwa kuwa ndicho chenye wingi, ndicho kianze kutoa, kama SWAPO ilivyoanza. Muongeze na ardhi, ili tusirudie walichokifanya Windhoek. Mkishakubaliana, wekeni sahihi mbele ya wananchi, kurasa hizo zisomwe redioni na kubandikwa katika kila ofisi ya kijiji, kisha ziletwe kwetu tuzipigie kura kabla ya neno moja la rasimu kuandikwa. Wataalamu wa kuandika tunao, tena wazuri, na kazi yao haitachukua miaka. Rasimu ikimalizika irudi kwetu tena kwa kura ya maoni, na kiwekwe kifungu kwamba ukomo wa urais hautabadilishwa na Bunge bila sisi kuulizwa.